Nilivyoimudu Sheria na Jamii, shahada niliyoambiwa niikimbie

"Sheria nusu, sosholojia nusu, mwisho wa siku huna chochote." Maneno hayo niliambiwa na mtu mzima mwenye shahada zake, wiki niliyojisajili. Yananikera mpaka leo, kwa sababu niliyaamini. Muhula mzima nilihangaika kuthibitisha kwamba mimi ni mwanasheria kamili.

Insha yangu ya kwanza ilihusu mikataba. Nikajaza vifungu, nikanukuu hukumu, nikajenga hoja kama wakili mbele ya jaji. Alama zikawa za chini, na pembeni mhadhiri kaandika: "Watu wako wapi?" Nikamfuata ofisini nimefura. Hakubishana nami, alinipa tu makala ya mwaka 1963 ya Stewart Macaulay, msomi wa sheria wa Marekani. Huyo aliwahoji wafanyabiashara na wanasheria 68 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, akakuta kwamba mambo yakiharibika wengi hawaukimbilii mkataba. Wanapigiana simu, wanaelewana, maana biashara ya kesho ina faida kuliko kesi ya leo. Niliisoma mara tatu usiku ule. Vifungu vyangu vilikuwa sahihi vyote, lakini havikumgusa mfanyabiashara hata mmoja.

Tangu hapo kila somo, liwe historia, anthropolojia au siasa, nililiandikia katika daftari lenye safu tatu: sheria inasema nini, watu wanafanya nini, na nani ananufaika na pengo lililo katikati. Safu ya tatu ndiyo iliyonipa alama. Na takwimu usiziahirishe hadi mwaka wa mwisho. Mimi niliziahirisha, nikalia.

Tasnifu yangu ilihusu kesi za wapangaji na wenye nyumba. Nilianza na dodoso. Nikagawa karatasi kama sitini hivi, zikarudi na majibu mazuri mno: kila mtu anaheshimu sheria, kila mtu anajua haki zake. Walinijibu walichodhani mwanafunzi wa sheria anataka kusikia. Nikaziweka kando zote.

Nilipopata kibali nikaenda kukaa kwenye benchi la korido ya mahakama, kama wiki mbili, nauli ikamaliza akiba yangu. Siku tatu za kwanza sikuona kitu. Ya nne nikaacha kusikiliza kesi, nikaanza kuhesabu jambo moja tu: nani anauliza njia. Wapangaji waliuliza chumba kipi, foleni ipi, karatasi hii nampa nani. Mawakala wa wenye nyumba hawakuuliza lolote. Waliwaita makarani kwa majina na walijua faili linatoka saa ngapi. Msomi mwingine wa sheria, Marc Galanter, alieleza mwaka 1974 kwamba anayefika mahakamani mara kwa mara humzidi anayefika mara moja maishani, hata kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Nilikuwa nimeikariri hoja hiyo kwa mtihani. Pale kwenye benchi niliiona inatembea.

Kwa hiyo wenzangu mnaoanza, someni nadharia, kisha mkae mahali sheria inapofanyiwa kazi mpaka mchoke. Max Weber mwenyewe alisomea sheria kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa sosholojia, basi asiwaambie mtu kwamba njia hizi mbili hazikutani.

Tasnifu ilipita vizuri. Mtahini aliruka sura zangu za vifungu, akafungua ile ya korido, akaniuliza maswali ya benchi kwa karibu saa nzima.