Boxer ya Mjomba Nyuma ya Prado

Mjomba alipiga simu katikati ya masika: pikipiki yake imekufa kabisa, na maziwa hayasubiri. Anakusanya maziwa kwa wafugaji wa vijiji vya juu huko Rungwe na kuyashusha Tukuyu mjini kabla jua halijapanda. Akikosa usafiri siku moja tu, kuna kaya zinalala bila hela ya chumvi. Nikamtafutia Boxer ya cc 150 hapa Iringa, mtumba wa mtu mtunzaji, injini haijafunguliwa.

Kazi ikawa kuifikisha. Pikipiki tuliyowahi kuituma kwenye buti la basi ilifika mkono wa klachi umevunjika na tangi limebonyea. Kuiendesha mimi mwenyewe, zaidi ya kilomita 300 kati ya malori yaendayo Tunduma, tena mvuani, mama alikataa katakata. Na mama naye alikuwa anakwenda kumwona kaka yake. Kwa hiyo safari ilikuwa na gari moja, mama, mizigo ya mama na pikipiki.

Fundi mmoja pale Ipogolo alikuwa na keria ya nyuma: reli ya chuma yenye upana wa tairi, na mkono wake unaingia kwenye ule mdomo wa mraba wa inchi 2 wa kuvutia tela. Nilidhani ni kuchomeka, kufunga, kuondoka. Yeye akachukua chaki, akachuchumaa, akachora gari sakafuni.

"Kaka, chuma hiki kitabeba, wala usikihofie. Hofia gari lenyewe. Umewahi kuinua jiwe kwa mtaimbo? Basi hapa ekseli ya nyuma ndiyo egemeo, pikipiki ndiyo mkono wako, na pua ya gari ndiyo jiwe."

Tukapiga hesabu hapohapo. Pikipiki kilo 120 hivi, keria 30, jumla 150. Uzito huo unaning'inia kama mita 1.7 nyuma ya ekseli, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Prado yangu ni karibu mita 2.8. Maana yake magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 90, na ya nyuma yanabebeshwa 240. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayofanya kazi kubwa ukishika breki. Nilikitazama kile kichoro muda mrefu. Gunia la mahindi la mama lililokuwa buti tukalihamishia nyuma tu ya viti vya mbele.

Kufunga kulichukua karibu saa nzima, na sijutii hata dakika moja. Mikanda minne ya racheti, miwili mbele na miwili nyuma, kila mmoja unavuta upande wake. Ya mbele unaikaza mpaka shokapu zishuke kama nusu. Ukizibana hadi mwisho unaua sili, ukizilegeza pikipiki itacheza. Stendi ikunjwe, koki ya mafuta ifungwe. Pini ya keria ilikuwa na nafasi ndogo tunduni, ukitikisa unasikia ko-ko-ko, fundi akaibana kwa yubolti mpaka ikanyamaza. Mwisho akahamishia pleti namba, taa za breki na indiketa kwenye keria, maana pikipiki ilikuwa imeziba kila kitu.

Tuliondoka saa nne asubuhi. Ifunda nikasimama kukagua, kama nilivyoagizwa. Mkanda wa mbele kulia ulikuwa umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili. Hakuna kilichokatika, ni mizigo imekaa tu, lakini vidole viwili Ifunda vingekuwa pikipiki chini Makambako. Nikakaza yote upya.

Mafinga, katikati ya harufu ya mbao mbichi, mama akasema, "Mwanangu, kuna mpira unaungua." Alisema kweli. Ekzosi ya gari ilikuwa inapuliza moja kwa moja kwenye tairi la nyuma la pikipiki. Nilipoligusa, ubavu wake ulikuwa wa moto na laini, mkono haukai. Kijana wa kuchomelea akakata kipande cha bomba, akakipinda na kukifunga kwenye ekzosi ili moshi uelekee chini. Hilo hata fundi wangu halikumjia akilini, na mtu yeyote anayefunga keria ya namna hii alitazame kwanza kabla hajatoka getini.

Makambako tulikunywa chai kwenye upepo wake uleule. Ukishuka Igawa joto la Usangu linakupokea, na matuta yanaanza. Kila tuta nyuma inazama, pua inainuka, na kwa sekunde moja usukani unakuwa mwepesi kama hauna gari mbele yake. Nikawa nayapita kwa gia ya kwanza. Trafiki mmoja alitusimamisha, akazunguka nyuma, akaniambia nikanyage breki. Taa ikawaka. Akasoma pleti, akaturuhusu.

Chimala mama akataka mchele, debe mbili.

"Weka nyuma kule."

"Mama, nyuma hakuingii tena hata kilo moja."

Alinitazama, kisha akaupakata miguuni hadi mwisho wa safari, bila neno.

Giza lilitukuta tumeshaacha Uyole, tunapanda Isyonje, ukungu umeshuka barabarani. Kila gari lililokuja mbele lilinipigia taa, na mimi nilikuwa nimeshusha taa, sikuwasha full. Ilinichukua kilomita kadhaa kuelewa: pua imeinuka, taa zangu zinawapiga watu machoni na barabara yangu mwenyewe siioni vizuri. Nikazungusha kile kitufe cha dashibodi cha kushusha mwanga hadi mwisho, nikaenda polepole nyuma ya lori la ndizi lililokuwa tupu.

Saa mbili na nusu usiku mjomba alikuwa amesimama barabarani na tochi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Lakini macho yake yalikuwa nyuma ya gari.

Tulifungua mikanda mvua ikinyunya. Pikipiki ilipotelemka, gari lilipumua na pua ikarudi chini. Mjomba akafungua koki, akasubiri kidogo, akapiga kiki. Ya tatu ikawaka. Asubuhi nilipoamka nilikuta alama za tairi tu kwenye tope la uwanja, na madumu ya maziwa hayapo ukutani.

Kurudi Iringa keria niliichomoa nikailaza ndani ya gari. Juu yake mjomba akapanga mikungu minne ya ndizi.