Vile nilijifunza kuonja waini nyeupe ya mizabibu mizee nikiwa Kisumu

Hapa Kisumu ukisema unakunywa waini watu wanawaza vitu viwili, ile nyekundu tamu ya harusi na graduation, ama ile ya kanisani. Nyeupe ndio kabisa, hiyo wanaona ni ya kuwekewa barafu ndani ya glasi na story ziendelee. Mimi sina shida na hiyo, kinywaji ni cha kufurahia bana. Sasa shem wangu anafanya kazi Cape Town, Disemba akaja na chupa ya Chenin Blanc, waini nyeupe ya zabibu ya jina hilo, ameikunja ndani ya sweta kwa sanduku, akaniambia hii ni ya mizabibu mizee, usiweke barafu, kunywa polepole, halafu huyo akaenda zake ushago. Nikabaki na chupa kwa meza nikijiuliza polepole ni polepole aje.

Nikaanzia shingoni mwa chupa. Kuna stika hapo juu imeandikwa mwaka, na huo si mwaka wa waini, ni mwaka mizabibu yenyewe ilipandwa, na yangu ilisema 1981. Stika hizo zinatoka kwa mradi wa huko Afrika Kusini unaitwa Old Vine Project na shamba halipewi kama mizabibu haijafikisha miaka 35. Zilianza kubandikwa 2018, lakini kuna mama anaitwa Rosa Kruger alikuwa ameanza kuzunguka kutafuta hayo mashamba mazee tangu 2002, kabla hayajang'olewa yote. Nimelitaja hili kwa sababu nchi nyingi hazina sheria ya umri. Ufaransa mtu anaweza kuandika Vieilles Vignes, yaani mizabibu mizee, kwa lebo na hakuna mwaka anaulizwa, so mimi nikiona maneno matamu bila mwaka naichukulia tu ni tangazo.

Na mbona waling'oe? Ni pesa. Mzabibu ukizeeka unazaa kidogo, na huko Cape kwa miaka mingi Chenin ilikuwa zabibu ya kutengeneza brandi na waini ya bei ya chini, mkulima analipwa kwa tani, sasa atabaki na mti unaompa vishada viwili vitatu wa nini. Mingi iliyobaki, kama ile ya pande za Swartland, haijafungwa kwa waya, inakaa vichaka vifupi tu kwenye mchanga mkavu na mingi hainyunyiziwi maji, mizizi ndiyo inajitafutia chini. Matunda machache, madogo, ladha imejikusanya. Hapo ndio utamu wote wa hii story uko, ingawa si kila mti mzee unatoa kitu kizuri, shamba baya likizeeka linabaki shamba baya.

Haya, kuonja sasa. Shida ya kwanza ilikuwa joto la Kisumu. Ukitoa chupa kwa friji iko kama digrii nne na baridi hiyo inaficha harufu yote, ukiiacha mezani saa moja ishakuwa chai. Waini nyeupe nzuri kama hii inataka digrii kumi na moja, kumi na mbili hivi. Sina kipimo, nilichofanya ni kuitoa friji, kufungua, kumimina theluthi ya glasi na kungoja kama robo saa, nikinusa kila baada ya muda. Na stima ikipotea, na hapa kwetu inapotea, barafu ya wauza samaki ndani ya ndoo na maji na chumvi kidogo inafanya kazi haraka kuliko friji. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Zile glasi za sherehe za mdomo wazi zinapoteza harufu yote hewani.

Kitu ambacho kilinifungua macho ni kununua Chenin nyingine, changa, ya bei rahisi ya supermarket, na kuziweka mbili pamoja mbele ya karatasi nyeupe. Changa ilikuwa karibu rangi ya maji, ya shem ina rangi ya nyasi kavu ikielekea dhahabu. Pua sasa. Changa inanuka mapera, mapera yale ya kwetu kabisa, na nanasi kidogo, inakurukia kabla hujainamisha kichwa. Ya shem ikiwa baridi haikuniambia kitu. Nikampigia.

"Shem, hii yako imekufa, sisikii kitu."

"Unanusa saa ngapi? Toa mkono kwa friji, ingoje. Na uache kutafuta na pua, hiyo utaijulia mdomoni."

Nikangoja. Ikapata joto kidogo ikaanza kutoa peasi lililoiva sana, ganda la chungwa, halafu nyuma kabisa asali na ile harufu ya nta ya mzinga. Na haina sukari hiyo waini, ni kavu, asali iko kwa harufu tu, hapo ndio wengi wanachanganyikiwa wanadhani itakuwa tamu.

Lakini shem alikuwa sawa, jibu lilikuwa mdomoni. Unachukua funda la wastani, unalizungusha hadi kwa ufizi, unavuta hewa kidogo kwa meno (watoto walicheka sana hapo), unameza ama unatema kwa kikombe kama unataka kuonja nyingi. Halafu unanyamaza na unahesabu. Changa ilikuwa nzuri, mapera, uchachu, kwisha, sekunde tano na mdomo uko tupu. Ya mizabibu mizee nikafika ishirini na bado kuna kitu, inabadilika, inatoka tunda inakuwa kama chumvi chumvi, na mate yanaendelea kujaa pembeni mwa ulimi. Hayo mate ni uchachu wa Chenin, hii zabibu inao mwingi hata huko kwao Loire, Ufaransa, na ndio unaifanya ikae miaka mingi kwa chupa bila kuharibika. Halafu kuna uzito. Tofauti yao ni ile ya maziwa freshi na maziwa ya mtu ameongeza maji. Sehemu ya huo uzito inatokana na waini kuachwa muda mrefu juu ya mashapo ya hamira yanayobaki chini ikishachachuka, si umri wa mti peke yake, usidanganywe.

Nisije nikawa najipendekeza kwa stika nikamwambia mama watoto anibadilishie glasi nikiwa nimeangalia ukuta. Rangi nilifunga macho isinisaidie. Kwa pua nilibahatisha mara nyingine nikakosa, kwa kuhesabu baada ya kumeza sikukosa. Tangu hapo hata mtu akiniletea waini gani siulizi inanuka nini kwanza, nahesabu.

Chakula nacho. Ngege wa kukaanga na ndimu na kachumbari isiyo na pilipili, hapo waini iliamka, sababu ndimu na chumvi zinapunguza makali ya uchachu wake na tunda linatokea mbele. Samaki wa kukaushwa kwa moshi ndio alishinda wote, ile nta na moshi zinasikizana ajabu. Omena ya pilipili ilikataa kabisa, pilipili inaamsha pombe na koo linawaka, husikii peasi wala asali. Mama watoto akasema shida si omena, shida ni mimi kupeleka waini mahali soda ingetosha. Nusu iliyobaki tulirudisha kizibo ikalala friji, kesho yake ilikuwa imefunguka zaidi, asali imepanda, na siku ya tatu ikaanza kulegea kwa hivyo nikaimalizia kwa sufuria ya samaki.