Faharasa Iliyojengwa Upya Kila Usiku

Nimekuwa nikitunza hifadhidata ya wauzaji wa vipuri vya magari wenye duka kuu Kariakoo, upande wa Gerezani, na matawi mawili, moja Mbagala na jingine Tegeta. Kazi hiyo niliirithi kwa kijana aliyehamia Dodoma. Pamoja na nywila na funguo za chumba cha seva, aliniachia zoezi moja la kujiendesha lenyewe ambalo alinisihi nisiliguse: kila siku saa nane usiku seva ijenge upya faharasa zote, yaani orodha zilizopangwa ambazo seva huzitumia kuzipata rekodi upesi, na ikimaliza ilibane faili la data lisije likajaza diski. Nilimtii kwa miezi saba.

Imani ya kila mtu katika zoezi hilo ilikuwa na chanzo kinachoeleweka. Usiku ambao umeme ulikatika, na betri ya UPS ikaisha kabla mlinzi hajawasha jenereta, zoezi lilikatika njiani; na asubuhi yake ripoti ya mauzo ya jana, ambayo kwa kawaida hutoka kabla chai haijapoa, ilichukua zaidi ya dakika kumi. Mama mhasibu alikuwa akinipigia saa mbili na robo: “Mwanangu, mashine yako imeamka vibaya leo.” Hivyo ikakubalika dukani kwamba faharasa zisipojengwa usiku humeguka, na zikimeguka ripoti hukwama. Nami nililisema hilo kwa ujasiri kwa bosi, bila kuwa nimepima chochote.

Kabla sijaeleza nilichokuta, ni vizuri tukubaliane kuhusu kinachoitwa mmeguko, ambao wengi kazini tunauita tu fragimentesheni. Mzee wa stoo yetu hupanga vipuri vidogo kwa namba, katika maboksi yenye ukubwa mmoja yaliyopangwa kwenye rafu. Boksi likijaa na kikaja kipuri ambacho namba yake inadai kiingie humo humo, huchukua boksi jipya, akahamishia humo nusu ya vilivyomo, na kwa kuwa rafu ya jirani imejaa, boksi jipya hulipeleka mwisho wa stoo penye nafasi, akiacha karatasi inayosema endelea kule. Baada ya hapo mambo mawili yamebadilika, na si jambo moja. Kwanza, anayetaka kupita vipuri vyote kwa mfuatano wa namba atatembea huku na huko. Pili, pamekuwa na maboksi mawili yaliyojaa nusu nusu mahali palipokuwa na boksi moja lililojaa. Hivyo ndivyo zinavyofanya faharasa za mti wa B, muundo uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika maabara za Boeing na kuchapishwa mwaka 1972: ukurasa, ambao ndio boksi la huku, ukijaa hugawanywa, na mgawanyiko huo ni kanuni ya muundo wenyewe, wala si hitilafu.

Watu wengi hulitazama lile la kwanza na kulisahau la pili, ingawa la pili ndilo lenye gharama kubwa. Tufanye hesabu. Katika SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft tunayoitumia, ukurasa ni kilobaiti 8, yaani baiti 8,192, na baada ya kutoa baiti 96 za kichwa cha ukurasa hubaki 8,096. Rekodi ya baiti 200, pamoja na baiti 2 za kielekezi chake, huingia mara 40 katika ukurasa mmoja. Rekodi milioni moja basi hukaa katika kurasa 25,000, ambazo ni kama megabaiti 195. Kurasa hizo zikiwa zimejaa nusu tu, zitahitajika 50,000, na megabaiti zitakuwa 390. Na zote zinasomwa kutoka diski, zote zinakaa kwenye kumbukumbu ya seva (RAM) kama zilivyo, pamoja na utupu wake, na zote zinaingia kwenye nakala ya akiba ya kila siku. Seva yetu haina kumbukumbu ya kutapanya.

Mfuatano uliovurugika, kwa upande mwingine, huumiza katika hali maalumu: pale seva inaposoma sehemu kubwa ya faharasa kwa mpangilio, kutoka diski, kwa sababu hapo hushindwa kuchota kurasa nyingi za mbele kwa mkupuo mmoja. Anayetafuta risiti moja kwa namba yake hushuka ngazi tatu au nne za mti, na mtawanyiko wa kurasa za chini haumhusu. Kurasa ambazo tayari ziko kwenye kumbukumbu nazo hazijali zilikaa wapi katika diski. Zamani, diski zilipokuwa sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, kungoja nusu mzunguko peke yake kulikula takriban milisekunde 4, kabla hujahesabu mwendo wa mkono wa kusomea; ndiyo maana wakubwa zetu waliliogopa jambo hili. Diski ya SSD haina mkono wala mzunguko. Tofauti kati ya kusoma kwa mfuatano na kusoma kwa kurukaruka bado ipo, lakini imepungua mno.

Pamoja na hayo, kanuni iliyotembea mdomo kwa mdomo ni ile ya asilimia 5 na asilimia 30 za mtawanyiko: chini ya 5 acha, kati yake panga upya, juu ya 30 jenga upya. Ilikuwemo kwa miaka mingi katika maelekezo ya SQL Server yenyewe, na wengi tuliikariri kama jedwali la kuzidisha. Paul Randal, mhandisi aliyezitoa namba hizo alipokuwa Microsoft, amekwisha kueleza hadharani kwamba alizitunga ili watu wawe na pa kuanzia, na kwamba faharasa yenye kurasa chini ya 1,000 kwa kawaida haina haja ya kusumbuliwa. Nilipoisoma kauli hiyo nilicheka peke yangu kwenye daladala, kwa sababu nusu ya faharasa tulizokuwa tukizijenga usiku hazikufika hata kurasa 200.

Basi nikaamua kupima. Chombo chenyewe kipo ndani ya SQL Server tangu toleo la 2005, nacho ni sys.dm_db_index_physical_stats. Hapa kuna mtego ambao ulinipotezea wiki nzima. Chombo hicho kina namna tatu za kupima. Usipochagua, hutumia ile nyepesi iitwayo LIMITED, ambayo haifungui kurasa za chini kabisa bali husoma ngazi iliyo juu yake tu. Kwa hiyo hukupa asilimia ya mtawanyiko, lakini mahali pa ujazo wa kurasa huacha patupu. Namna iitwayo SAMPLED huonja asilimia 1 ya kurasa, na faharasa ikiwa na kurasa chini ya 10,000 huzisoma zote. DETAILED husoma kila ukurasa wa kila ngazi. Maana yake ni kwamba anayepima kwa namna ya kawaida haoni kabisa lile jambo lenye gharama, na huondoka akidhani amepima. Naongeza tahadhari moja: DETAILED huvuta faharasa nzima kupitia kumbukumbu na kuzisukuma nje kurasa ambazo wauzaji wanazitumia, kwa hiyo usiiendeshe Jumamosi saa sita mchana duka likiwa limefurika mafundi. Mimi niliiendesha.

Nilipima jioni baada ya duka kufungwa, asubuhi kabla ya kufunguliwa, na tena jioni. Faharasa kuu ya mauzo ilionyesha picha ya ajabu: asubuhi kurasa zote zilikuwa zimejaa pomoni na mtawanyiko karibu na sifuri, jioni mtawanyiko ulikuwa umepanda sana, ingawa mauzo ya siku moja ni sehemu ndogo ya rekodi zote. Sababu ilikuwa katika ufunguo, yaani ile namba inayotumika kuzipanga rekodi. Matawi huuza hata intaneti ikiwa imekatika, kisha hutuma mauzo baadaye, na ili namba zisigongane aliyeunda mfumo alitumia GUID za kubahatisha, yaani namba ndefu za utambulisho, za baiti 16. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Lakini rekodi mpya yenye ufunguo wa kubahatisha haiendi mwisho wa faharasa; huangukia ukurasa wowote ule. Na kama usiku uliopita umezijaza kurasa zote hadi ukingoni, basi karibu kila rekodi mpya ya asubuhi inaukuta ukurasa usio na nafasi, na kuulazimisha ugawanyike.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa ilikuwa inaulisha ugonjwa. Tulikuwa tukijaza kurasa usiku, mauzo yanazipasua mchana, kipimo cha jioni kinaonyesha mmeguko, nasi tunatikisa kichwa na kusema kweli zoezi la usiku ni la lazima. Ukiiacha faharasa ya namna hii bila kuigusa, kurasa zake hutulia kwenye ujazo wa wastani wa asilimia kama 69, ambao unajulikana kwa hesabu tangu miaka ya 1970, na migawanyiko hupungua kwa sababu kila ukurasa unakuwa na pumzi. Siwezi kudai kwamba mteja aliye kaunta aliuhisi mgawanyiko mmoja mmoja, hauhisiki. Logi, yaani daftari ambamo seva huandika kila badiliko, ndiyo iliyouhisi, kwa maana kila mgawanyiko huandika mengi zaidi kuliko kuingiza rekodi tu, na kujenga upya faharasa kuliandika tena kiasi kinachokaribia ukubwa wa faharasa nzima. Logi hiyo ilipakiwa kila alfajiri kwenda nje ya ofisi kwa bando tunalolilipia wenyewe.

Kuhusu kubana faili la data sina maneno mengi. Kubana huchukua kurasa zilizo mwisho wa faili na kuziingiza katika nafasi ya kwanza tupu inayopatikana mbele, bila kujali mfuatano, na matokeo yake huivuruga faharasa iliyotoka kupangwa dakika chache nyuma. Sifuri niliyoiona asubuhi ilikuwa ya zile siku chache nilizokuwa nimelizima zoezi la kubana ili nipime. Lilipokuwa limewashwa, namba ya asubuhi ilikuwa mbaya kuliko ya jioni. Ni sawa na kupiga deki sebule kisha kupita humo na ndala zenye tope. Hata ile nafasi iliyookolewa haikuwa ya kudumu, kwa sababu kujenga upya kunahitaji pa kuiweka nakala mpya kabla ya kuitupa ya zamani, kwa hiyo faili lilirudi kuvimba usiku uliofuata.

Lilibaki swali la mama mhasibu, ambalo ndilo lililonisumbua zaidi: kama mmeguko si mkosaji, mbona ripoti yake hukwama kila zoezi linapokatika? Nilingoja. Umeme ulikatika usiku wa Jumanne, na asubuhi ripoti ikagoma kama ilivyotarajiwa. Sikujenga faharasa yoyote. Nilichofanya ni kusasisha takwimu za jedwali la mauzo peke yake, yaani ule muhtasari ambao seva huutazama ili kukisia ni rekodi ngapi zitapatikana kabla ya kuchagua njia ya kuzisoma. Ripoti ilitoka papo hapo, na faharasa ikiwa imemeguka vile vile.

Kujenga upya faharasa husasisha takwimu zake kwa kusoma rekodi zote, na faida hiyo ya pembeni ndiyo tuliyokuwa tukiinunua kwa bei ya zoezi zima. Seva yetu ni ya toleo la 2012, ambalo husasisha takwimu lenyewe baada ya mabadiliko ya rekodi 500 kujumlisha asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la rekodi milioni moja ni mabadiliko 200,500, ambayo duka letu huyafikia baada ya miezi. Tangu toleo la 2016 kizingiti cha majedwali makubwa kimeshushwa, na kwa rekodi milioni moja ni kama 31,600. Katika toleo letu, takwimu zisiposasishwa usiku, tarehe ya jana haimo kabisa katika muhtasari. Seva hukisia kwamba itakuta rekodi moja, ikachagua njia inayofaa rekodi moja, kisha ikairudia njia hiyo mara maelfu.

Niliyobadilisha ni machache. Zoezi la kubana nimelizima. Takwimu husasishwa kila usiku, kazi ya dakika chache. Faharasa ile ya GUID nimeijenga mara moja kwa kiwango cha ujazo cha asilimia 80 badala ya 100, ili kila ukurasa uachiwe nafasi ya wageni, na kila Jumapili naupima ujazo kwa SAMPLED. Ukishuka mno naijenga tena, mchana, mlinzi akiwa karibu na jenereta. Pale ninapohitaji kuondoa mtawanyiko katika faharasa nyingine natumia kupanga upya, ambako hufanya kazi kidogo kidogo na kuhifadhi kila hatua, kwa hiyo umeme ukikatika katikati kilichokwisha fanyika hakipotei. Katika toleo letu, kujenga upya kukikatika, kazi yote hurudishwa nyuma, na seva hufungua asubuhi ikiwa bado inasoma logi yake huku foleni ya wateja ikifika barazani. Tofauti hiyo sikuiona ikitiliwa mkazo mahali popote, labda kwa sababu wanaoandika maelekezo hukaa palipo na umeme usiokatika.

Wanaotumia PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, watakuta mambo yanafanana, ingawa huko faharasa huachiwa asilimia 10 ya nafasi tangu mwanzo, kipimo hutolewa na nyongeza ya pgstattuple, na tangu toleo la 12 faharasa inaweza kujengwa upya bila kuwafungia waandikaji.

Swali la ufunguo wenyewe bado liko mezani. SQL Server inaweza kutoa GUID zinazopanda kwa mfuatano, lakini zetu hutolewa na programu iliyoko kwenye kompyuta za matawi, na kuibadilisha kunataka pesa ambayo bosi ameniambia nisubiri hadi hesabu za mwaka zifungwe. Zoezi la saa nane usiku sijalifuta. Liko kwenye orodha, limezimwa, na kando yake nimeandika tarehe na sababu kwa ajili ya atakayerithi.