Kokwa 128

Ijumaa usiku, Lamu

Leo nimesomeshwa na mtoto wa kidato cha tatu. Hakunifanyia ufidhuli. Alinisalimu kwa adabu zake zote, akauliza kama nina nafasi, akaiweka karatasi yake mezani na kidole juu ya wino wangu mwekundu. "Mwalimu, umeniandikia nimekisia. Sikukisia."

Wiki jana tuliwapa mtihani wa fasihi uliotungwa nje ya shule yetu, ukaja na mwongozo wake wa kusahihishia. Kifungu chenyewe ni nusu ukurasa. Mwanamke aitwaye Zaina anaamka alfajiri katika mji wa bandari usiotajwa jina. Anayakung'uta vumbi makubadhi ya mumewe, anayarudisha chini ya kitanda. Anajimiminia chai, na sukari inamkumbusha kwamba mumewe "alikuwa akipenda vijiko vitatu". Wanja umekauka ndani ya kibweta. Mtoto anauliza baba yuko wapi, naye anamjibu: "Kenda Maskati. Atarudi na kusi." Majirani wakipita mlangoni hushusha sauti. Mwisho anakula tende moja, anaitia kokwa koponi, na msimulizi anafunga hivi: "Zilitimia mia moja na ishirini na nane. Akafungua dirisha."

Swali: eleza hali ya Zaina, uthibitishe kwa kurejelea kifungu. Alama 8. Jibu la mwongozo: Zaina ni mke mvumilivu na mwaminifu anayemngoja mume aliye safarini.

Karibu darasa zima walilipata hilo, na nikawapa alama zao bila kusita, ingawa uthibitisho wao ulikuwa wa kuzunguka mti. "Zaina ni mvumilivu. Kwa mfano, anavumilia." Wengine walinakili mistari minne mizima kisha wakaendelea na jambo jingine, dondoo likabaki pale kama mzigo ulioshushwa gatini usio na mwenyewe. Sikuwalaumu sana. Nimewafundisha mimi kwamba uthibitisho ni kunakili, na kwamba ukishanakili umemaliza.

Huyu binti aliandika: Zaina ni mjane, na leo eda yake imekwisha. Nikampa 1. Pembeni nikaandika, "Umeyatoa wapi haya? Usikisie."

Basi akanionyesha alikoyatoa. Alianza na makubadhi. Mtu akisafiri huvaa viatu vyake. Haya yanayokung'utwa vumbi hayajavaliwa siku nyingi, na mwenyewe hakwenda nayo. Nikamwambia anaweza kuwa na jozi mbili. Akakubali, akasema ndiyo maana hakusimama hapo. Akaenda kwenye "alikuwa akipenda". Kwa nini si "anapenda"? Aliye Maskati bado anaipenda sukari yake. Kisha wanja uliokauka, maana mwenye eda hajipambi. Kisha majirani, ambao hakuna anayemshushia sauti mke wa msafiri. Kila kimoja peke yake kingeweza kuelezwa vingine, na yeye mwenyewe alilisema hilo kabla sijalisema mimi. Lakini alivipanga, kimoja kikiegemea kingine, halafu akazifikia kokwa.

"Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, Mwalimu. Miezi ya mwandamo. Miwili ya siku 30, miwili ya siku 29, hiyo 118. Ongeza kumi."

Nilizihesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa chekechea. 128.

Mimi nimezaliwa Mkomani. Babangu alifariki nikiwa na miaka tisa, na nilimwona mamangu akikaa eda katika nyumba hii hii ninamoandikia, kajifunika nguo isiyo na rangi, udi umehamishwa chumbani mwake. Kifungu kile nilikisoma mara tatu kabla ya kusahihisha na sikuona kitu. Najua sababu, na inaniudhi: mwongozo ulikuwa wazi pembeni. Nilikuwa nikilitafuta jibu la mwongozo ndani ya kifungu, na anayetafuta mvumilivu atampata mvumilivu hata kwenye tangazo la mnada.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia kifungu kinasema waziwazi kwamba mume kaenda Maskati. Hapo alinishinda kwa silaha yangu mwenyewe. Kila juma nawaimbisha muktadha wa dondoo: msemaji, msemewa, mahali, sababu, alama 4 za bure. Wanaukariri kama wimbo. Yeye aliutumia. "Nani anasema? Zaina, si msimulizi. Anamwambia nani? Mtoto mdogo. Kwa nini? Kwa sababu mtoto kauliza." Msimulizi mwenyewe, akasema, hakuna mahali aliposema mume yuko hai.

Sijui nimewafundisha watoto wangapi kutaja msemaji bila kuwauliza kama msemaji anaaminika.

Akaongeza la mwisho, na hapa ndipo tulipoachana njia. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa. Ndiyo iliyokuwa ikizipeleka jahazi Arabuni. Waliotoka huko walikuja na kaskazi. Kwa hiyo, anasema, "atarudi na kusi" ni ahadi isiyowezekana, na Zaina aliisema makusudi akijua haitatimia.

Hilo sikumkubalia, wala si kwa ubishi. Huenda mtunzi hazijui pepo. Huenda ni mtu wa bara aliyelipenda neno kusi kwa mlio wake. Wanja, viatu, sukari na kokwa vinashikana, na ukikiondoa kimoja vilivyobaki bado vinasimama. Hili la kusi linataka kwanza tuamini kwamba mtunzi anaijua bahari, na hakuna mstari mwingine ndani ya kifungu wa kutuonyesha kwamba anaijua. Nikamwambia hii ni kamba nyembamba, usiitundikie mzigo. Akatabasamu kama mtu aliyeruhusiwa kushindwa mara moja.

Nikafuta ile 1, nikaandika 7.

Katika chumba cha walimu mwenzangu mmoja hakufurahi. Ni rafiki yangu, na hoja yake si ya kipuuzi. "Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa taifa ni maswali manne ya alama 20, alama 80 kwa saa mbili na nusu," aliniambia. "Ukimfundisha kuhesabu kokwa, wenzake watakuwa swali la tatu yeye bado yuko koponi." Kisha akauliza nitawafanyaje wale niliowapa alama kwa kuandika safari. Hilo sijalijibu. Jibu lao halikuwa la uongo kabisa. Maneno ya Zaina yapo, na wameyarejelea. Wameamini walichoambiwa. Nadhani nitawarudishia karatasi Jumatatu bila kugusa alama, nimwombe binti awaeleze yeye, nami nikae nyuma.

Usiku huu, baada ya isha, nimemsomea mama kile kifungu. Alikuwa barazani ndani akichambua mchele. Sikumwambia lolote kabla. Nilipofika kwenye makubadhi aliinua mkono.

"Huyu kafiwa."

"Umeyuaye?"

"Viatu," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nikamsomea mpaka kokwa. Hapo alikunja uso. Yeye hakuhesabu siku, anasema. Alihesabu miezi, akimtuma mjombangu juu ya dari kuutazama ukiandama, na mtu anayejihesabia kokwa moja moja basi ana uchungu kuliko aliokuwa nao yeye, au hana wa kumtuma. Hilo la pili sikulifikiria, wala binti hakulifikiria. Nyumba ya Zaina haina mtu mzima mwingine ndani yake, kifungu chote.

Kisha akaniuliza kama yule mtoto nimempa maki zake. Nikamwambia saba.

"Moja iko wapi?"

"Ya kusi, mama. Aliyetunga huenda hazijui pepo."

Akanyamaza kidogo, akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka kando.

"Mdogo wako nilimwambia hivyo hivyo. Babako kenda Maskati, atarudi na kusi. Alikuwa na miaka minne. Ningemwambia kaskazi, angeingoja."

Miaka yote hii sikuwa na habari. Nimekaa na karatasi ile mbele yangu tangu alipokwenda kulala. Lakini haya ya mama hayamo ndani ya kifungu, na binti hakuyaandika. Saba imebaki saba. Jumatatu, akishamaliza kuwaeleza wenzake, nitamuuliza tena kuhusu kusi, na sitamsaidia.