Kulwa na Doto katika Jedwali Moja

Juzi jirani yangu alirudi kutoka hospitali na mapacha wa kike, na nilipokwenda kumpa hongera nilikuta kadi mbili za kliniki zimewekwa mezani, moja kando ya nyingine. Jina la baba lilikuwa moja, tarehe ya kuzaliwa moja, namba ya simu moja, mtaa mmoja. Muuguzi alikuwa ameandika Kulwa kwenye kadi ya kwanza na Doto kwenye ya pili, kama ilivyo desturi yetu huku Usukumani, na neno hilo tu ndilo lililozitofautisha. Nilizitazama mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kama nimeona kosa.

Mwaka 2013 nilikuwa nikitunza kanzidata ya Saccos moja ya akina mama wauza dagaa, si mbali na mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza. Wanachama wetu hawakutulia mahali pamoja: mama aliyenunua mzigo Kirumba leo, wiki ijayo ungemkuta Igombe au ameshavuka kwenda Ukerewe, na kila alipoweka akiba karani wa hapo alimwandikisha upya. Jina la Kisukuma lenye ng' makarani watatu huliandika kwa namna tatu. Hivyo mtu mmoja alijikuta na mistari miwili au mitatu katika jedwali, na akiba yake imegawanyika humo. Jedwali lenyewe lilikuwa limejengwa bila ufunguo msingi, yaani bila namba isiyojirudia ya kumtambulisha kila mwanachama. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd, alipoueleza mfumo wa majedwali ya aina hii mwaka 1970, aliihesabu mistari kuwa ni seti, na ndani ya seti kitu hakiwi mara mbili. Lakini programu tunazotumia humwachia mjenzi wa jedwali uamuzi huo, na aliyetujengea letu hakukataza mstari kujirudia.

Niliamua kwamba majina ya kwanza hayategemeki. Nikaandika amri: penye jina la ukoo moja, tarehe ya kuzaliwa moja na namba ya simu moja, mtu ni mmoja, jumlisha akiba zake, iandike jumla hiyo kwenye kila mstari wake, na jina la kwanza lifanane na la mstari uliotangulia. Kesho yake ningefuta mistari ya ziada. Kompyuta ilimaliza kwa sekunde chache, nami nikafunga ofisi nikiwa nimeridhika.

Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa na akina mama hupata nafasi ya kushughulikia fedha zao. Asubuhi ile mama wa kwanza dirishani alifungua mfuko wa nailoni akatoa kitabu chake cha akiba, magamba makavu ya dagaa yakiwa yamenata kwenye jalada. Nilimwamkia, akaitikia, akasema anataka kutoa elfu hamsini za ada ya mtoto. Nililitafuta jina lake, halikuwepo.

"Mama, jina lako la kwanza si Kulwa?"

"Kulwa ni dada yangu, mwanangu. Hata simu hiyo ni yake, mimi sina. Mimi ni Doto." Akainama kidogo, akatazama kupitia vyuma vya dirisha. "Kwa hiyo mimi simo?"

Alikuwemo, lakini kama Kulwa wa pili. Mistari yote miwili ilisema Kulwa, na kila mmoja ulikuwa na shilingi 412,000, wakati kitabu chake kilisema 147,500. Nilifungua muamala, yaani hali ambayo mabadiliko yanaweza kutenguliwa kabla hayajathibitishwa, jambo ambalo jana yake sikulifanya, nikaandika amri ya kumrekebishia salio. PostgreSQL, programu iliyohifadhi kanzidata yetu, ikanijibu kuwa mistari miwili imebadilishwa. Nikautengua muamala. Nilijaribu tena, nikautengua tena, kwa sababu hapakuwa na sharti lolote ambalo lingemgusa mmoja na kumwacha mwenzake. Yeye alisimama pale pale, kiganja chake juu ya kitabu, bila kunihimiza.

Ndipo nilipokumbuka kwamba PostgreSQL huupa kila mstari anwani ya ndani iitwayo ctid, ambayo haionekani mpaka uiulize. Niliiuliza. Mmoja ulikuwa ukurasa wa 31, nafasi ya 7. Mwingine ukurasa huo huo, nafasi ya 8. Upi ulikuwa wa Doto? Mashine haikujua, wala mimi. Nilimpa ile ya 8 kwa kuwa yeye ndiye aliyezaliwa wa pili, nikaandika jina lake na salio lake kwa kufuata kitabu. Safari hii jibu lilikuwa mstari mmoja. Anwani hiyo haidumu, maana mstari ukibadilishwa huhamia anwani nyingine, kwa hiyo sikuthubutu kuondoka mezani kabla ya kuongeza safu ya namba za uanachama zisizojirudia. Kisha niligeuza skrini kuelekea dirishani. Aliweka kidole juu ya kioo, akalisoma jina lake silabi kwa silabi, akatikisa kichwa kukubali.

Ada ililipwa siku hiyo hiyo. Wiki tatu zilizofuata tulilinganisha vitabu vya akina mama na nakala rudufu ya mwezi uliotangulia, tukawatenganisha wengine waliokuwa wameunganishwa, akiwemo mama mmoja na wifi yake. Tangu hapo sijengi jedwali bila ufunguo msingi. Hata hivyo, namba huniambia tu kwamba mistari hii ni miwili. Kama watu nao ni wawili, pengine hilo linajulikana dirishani tu.

Jozi mbili za mistari iliyounganishwa zilibaki, wenyewe hawakuja na vitabu vyao. Niliyanakili majina hayo manne kwenye karatasi kabla sijaacha kazi pale, na karatasi hiyo bado ninayo. Nilipotoka kwa jirani juzi niliitoa kabatini nikayasoma tena, na bado siwezi kusema kama ni watu wawili, watatu au wanne.