Keki ya kusomwa kwa vidole

Nimetoka kupeleka oda sasa hivi, hata viatu sijavua, nimekaa niandike kabla haijanitoka.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja alinipigia anataka keki ya mama yake anatimiza miaka 80. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, rangi gani, dizaini gani, una picha yoyote? Akanyamaza kidogo, akasema mama haoni tena, macho yalishakwisha miaka sita sasa, kwa hiyo we weka rangi yoyote tu. Hiyo "yoyote tu" ilinichoma. Nikazima mikisa nikamwambia dada yangu, hebu niambie mama alikuwa anafanya kazi gani, anapenda harufu gani, mikono yake imezoea kushika nini. Akasema mama alikuwa anasuka vikapu, amewasomesha wote kwa vikapu, na chungwa likimenywa hata chumba cha pili anajua.

Keki ikaanzia hapo.

Wengi wanadhani keki ya oda ni keki ya kawaida iliyoandikwa jina juu, na mwezi uliopita mteja mmoja aliniambia kabisa kwamba ni unga na mayai tu, mbona bei hivyo. Sikubishana naye ila iliniuma, maana unga na mayai ndo sehemu ndogo kuliko zote. Kazi ni masaa. Siagi lazima ilainike kiasi kwamba ukiibonyeza kidole kinaingia lakini haijaanza kung'aa wala kuyeyuka, ndipo unaipiga na sukari mpaka ibadilike iwe nyeupe, na huwezi kuharakisha hapo kwa sababu zile punje za sukari ndizo zinazochimba vishimo vya hewa ndani ya siagi, bekingi pauda haitengenezi vishimo vipya, inavipanua vilivyopo tu. Ukifanya uvivu mwanzoni hakuna cha kukuokoa mbele. Mayai yakitoka kwenye friji moja kwa moja siagi inaganda na mchanganyiko unakatika. Unga ukiupiga sana keki inakuwa ngumu kama mkate wa jana.

Na nikisema bekingi pauda huwa namkumbuka Alfred Bird, mkemia wa Birmingham kule Uingereza, mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru na hamira pia. Mwaka 1837 akamtengenezea kastadi isiyo na mayai, 1843 akaja na bekingi pauda ili mke wake naye ale mkate. Yani kikopo ambacho leo kiko jikoni kwa kila muokaji kilitokana na mtu mmoja kumpikia mtu mmoja. Mi hilo linanigusa sana.

Turudi kwa mama. Chungwa sikutumia la chupa, nilikwangua maganda nikayasugua na sukari kwa vidole mpaka sukari ikalowa mafuta yake, nyumba nzima ikanukia. Nikaoka leya tatu, zikapoa, nikazifunga zikalala usiku kucha maana keki ya moto ukiipaka krimu inateleza yote na ukiikata inamwaga makombo. Krimu nilitumia ya ute wa mayai, unapasha ute na sukari juu ya maji ya moto mpaka nyuzi 71, unapiga mpaka bakuli lipoe kabisa, ndo unatia siagi kipande kipande, na kuna mahali inakatika inakuwa kama maziwa yaliyoganda, ukiwa mgeni utalia utamwaga, kumbe ni kuendelea kupiga tu inarudi.

Kisha kusuka. Kuna nozo, ile ncha inayovalishwa kwenye mfuko wa kukamulia krimu, ni bapa na ina meno upande mmoja, unachora mstari wa kusimama, unaulaza mwingine juu yake, unasimamisha tena, unalaza, juu chini juu chini kuzunguka keki yote. Nimewahi kuifanya mara nyingi ila kwa ajili ya macho. Safari hii nilikuwa nafumba macho napitisha kidole kwenye ukingo wa sahani niliyofanyia majaribio, kama siusikii msuko nafuta naanza upya na krimu nene zaidi. Joto la mkono linalainisha krimu ndani ya mfuko, kwa hiyo najaza kidogo, nasuka, narudisha kwenye friji, nasubiri. Nimemaliza saa kumi alfajiri.

Leo nimefika, nimeiweka mezani. Binti akamnawisha mama mikono, akamshika akamwelekeza. Mama akainama kwanza akanusa, akasema chungwa, akatabasamu. Halafu akaweka vidole viwili pembeni taratibu sana, akawa anavitembeza, na watu wote wakanyamaza bila kuambiwa, hata watoto. Alizunguka keki yote, sijui dakika ngapi. Akarudi nyuma kidogo akasimamisha kidole mahali.

"Nani kasuka?"

Nikasema ni mimi, mama.

"Hapa umeruka. Mkono ulichoka?"

Nikatazama, kweli, mstari mmoja umepita juu mara mbili mfululizo, kwa macho sikuwa nimeuona wala binti yake hakuuona wala picha niliyopiga haiuonyeshi. Nikamwambia ndio mama, ilikuwa inakaribia asubuhi. Akanishika mkono, akaubonyeza kiganja na vidole kimoja kimoja kama anakagua kitu cha kununua, akasema hata yeye alikuwa anaruka ikikaribia asubuhi.

Walipoanza kukata akawaambia waanzie upande ule mwingine, kile kipande chenye kosa wamwachie yeye.