Kupiga mbizi visiwani: pesa yako yaenda wapi hasa?

Kila kaskazi ikikaribia nikaanza kuweka picha za chini ya maji, inbox yangu yajaa swali moja tu, ati Maldives ni pesa ngapi, ama Zanzibar ndo rahisi? Na kila mara nawajibu vile vile, kwamba bei ya kuingia majini si hiyo itakayokumaliza. Siku ya mbizi mbili kwa bei za huku kwetu pwani ya Kenya na bei za Unguja hazipishani sana. Kinachokula pesa ni ndege, kitanda, boti ya kukutoa uwanjani mpaka kisiwani, na zile siku unazolipia chumba huku nguo zako za mbizi zimeanikwa kamba zakauka.

Mimi nahesabu hivi. Chukua pesa yote itakayotoka tangu ufunge mlango wa nyumba yako hadi urudi uufungue, weka ndani mpaka chai ya njiani, halafu gawanya kwa idadi ya mitungi ya hewa utakayopiga, maana kila mbizi ni mtungi mmoja. Hapo ndo wajua mtungi mmoja umekugharimu nini kikweli. Ukishazoea hesabu hii utaona safari nyingine zilizoonekana rahisi ni ghali mno, na kuna moja ghali sana ambayo ukiigawanya yashuka mpaka washangaa, ntaifikia.

Tuanze nyumbani. Kutoka Mombasa mpaka Shimoni ni safari ya asubuhi moja, wavuka Likoni wapanda matatu za kusini, ama kama wakaa pande za Miritini na Changamwe wapita zako Dongo Kundu huna haja ya feri kabisa. Tuseme waondoka Ijumaa jioni, walala gesti Shimoni ama Wasini usiku mbili, Jumamosi mbizi mbili, Jumapili mbili. Kwa bei nilizoulizia mimi, mbizi na vifaa ni kama shilingi 26,000 za Kenya, chumba 6,000, nauli 2,000, chakula 3,000 na hapo wala samaki wa kupaka na wali wa nazi mpaka washiba, ada ya hifadhi na vitu vidogo vidogo weka 1,500. Jumla 38,500 kwa mitungi minne, kila mmoja kama 9,600. Na raia alipia hifadhi kwa shilingi kwenye eCitizen, bei ya mwananchi, wakati mgeni wa nje analipa zaidi yako kwa mbali, kwa hivyo kitambulisho usikisahau nyumbani.

Sasa watu husikia bei hiyo wakadhani wanapata kitu cha daraja ya pili. Hapana jamani. Kisite, pale unapopelekwa kuzama ukitoka Shimoni, ni hifadhi tangu miaka ya sabini, eneo la kilomita mraba 28 ambalo hakuna kuvua, na samaki wanajua. Mpunguti pale kando ni kilomita mraba 11, hapo uvuvi wa kienyeji waruhusiwa. Ukizama Kisite ukitulia bila kutapatapa, utamkuta kasa ng'amba amejibana kwenye mwamba akila sifongo. Anashika kwa lile domo lake kama la kasuku, anavuta kichwa pembeni, kipande chang'oka na vumbi jeupe lapanda, na hapo hapo vile visamaki vya rangi vyamzunguka kuokota makombo. Hakujali kabisa. Waweza kukaa naye mpaka geji yako, ile ya kupimia hewa ya mtungi, ikwambie basi.

Na hapo kwenye geji kuna jambo la pesa ambalo watu hawalifikirii. Juu ya maji mwili wako uko kwenye mgandamizo mmoja, ukishuka mita 10 umekuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne, na hewa ya mtungi yaisha kwa mwendo huo huo. Kwa hivyo mtungi ule ule wa lita 12 ambao Kisite kwenye mita 12 wakupa kama saa nzima, ukienda nao meli ya MV Dania hapa nje ya Mombasa, ile iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki na imelala karibu mita 30, hapo wapata nusu saa na kidogo. Sisemi usiende Dania, mimi naipenda sana, chewa wa pale ni wakubwa mpaka waogopa, na pia huhitaji gesti wala nauli kubwa maana Mombasa yenyewe ni kisiwa. Lakini jua unalipia dakika chache, na wataka uwe na cheti cha Advanced, kile cha kwanza cha Open Water peke yake mwisho wake mita 18.

Kitu chengine ambacho ni bure kabisa na chaongeza thamani ya mtungi kuliko hoteli yoyote ni kuangalia mwezi. Wazee wa Shimoni na Wasini hawahitaji app, wao watazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku zinazofuatia hapo ni bamvua, maji yajaa sana na kutoka sana, mkondo wavuta, na maji yanayotoka kwenye mikoko na vijito yaja na tope lote. Tarehe nane hivi na ishirini na mbili ndo maji mafu, bahari imetulia. Nahodha mmoja mzee aliwahi kuwaambia wageni waliokuwa wamelipa tayari wasubiri maji yaanze kujaa ndo watoke, wakanung'unika kweli, lakini maji yakijaa huleta maji safi ya bahari kuu, na waliporudi hakuna aliyenung'unika tena. Kwa hivyo kabla ya kubuk tizama mwandamo, ni mtungi ule ule na pesa ile ile lakini unaona mara mbili zaidi. Na msimu pia, kuanzia Novemba mpaka Machi kaskazi ikiwa shwari ndo wakati wetu, kusi ikishika kuanzia Mei bahari yachafuka na vituo vingine hufunga kabisa.

Unguja na Pemba. Unguja kila mtu aenda Mnemba, na Mnemba ni pazuri, sikatai, lakini boti ni nyingi mno msimu wa wageni, pomboo wakionekana wafukuzwa na boti kama kumi kwa wakati mmoja na mimi hilo lanikera moyoni, wale ni viumbe wanataka kupumua na kulala. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja, wewe huteremki, wapiga mbizi kando ukaondoka. Kama mtu ataka kutembea Mji Mkongwe, kula urojo Forodhani, na mbizi moja mbili katikati, Unguja yafaa sana. Lakini kama safari ni ya mbizi hasa, nenda Pemba. Pale mwamba wakatika ghafla washuka kwenye mfereji wenye kina cha mamia ya mita, wewe umening'inia ukutani chini yako ni buluu tupu. Kisiwa cha Misali peke yake chatosha kumtoa mtu Mombasa. Kwa hesabu yangu, ukienda kwa basi mpaka Tanga ama Dar halafu boti, ukalala gesti ya kawaida, mtungi mmoja wa Pemba waangukia kati ya 15,000 na 20,000. Chukua pasipoti na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, visa hatuhitaji.

Kisiwa cha Mafia ni habari nyingine. Watu waenda kwa papa shilingi, yule whale shark, wenzetu Tanzania wamwita potwe, kuanzia kama Oktoba mpaka Machi wanakuja karibu kabisa na Kilindoni kula. Na sikiliza hapa, papa shilingi huyu hupigi naye mbizi na mtungi, ni miwani na snorkeli tu juu juu, kwa hivyo hata mama yako asiyejua kuzamia aweza kumuona kwa bei ndogo. Mitungi yako iweke kwa Chole Bay na ule mlango wa bahari wa Kinasi, ndani ya hifadhi ambayo ipo tangu 1995. Ada ya hifadhi yahesabiwa kwa kila saa 24, ulizeni bei ya Afrika Mashariki kabla ya kutoa pesa.

Kufika Mafia kuna njia mbili, ndege ndogo kutoka Dar ama meli ya MV Kilindoni kutoka Nyamisati. Ndege ni nusu saa hivi, na hapa ndo kuna gharama iliyojificha ambayo yapiga kila safari ya mbizi ya ndege. Ukishapiga mbizi za siku kadhaa, hufai kupanda ndege mpaka zipite saa 18, sababu naitrojeni iliyoingia mwilini yahitaji muda kutoka polepole, ukipanda juu mgandamizo ukashuka yageuka mapovu ndani ya damu na viungo, na hiyo si mchezo, watu wamepooza. Kwa hivyo siku yako ya mwisho kisiwani ni siku ya kulipa chumba na chakula bila mtungi hata mmoja. Kwenye safari ya siku nne hiyo ni robo nzima. Aliyekuja kwa meli ama matatu hana shida hii, apiga mbizi asubuhi alasiri yuko njiani arudi kwao. Ndo maana Shimoni kwa mtu wa Mombasa haishindiki kwa hesabu.

Shelisheli ntapita haraka. Kenya hatuhitaji visa, ndege ya Nairobi mpaka Mahé si ndefu, lakini kitanda na chakula huko ni moto, na matumbawe ya visiwa vya ndani yalikufa zaidi ya asilimia 90 kwenye joto la bahari la 1998. Yamerudi kiasi, mawe yale makubwa ya graniti chini ya maji ni kitu cha pekee na samaki taa wapo, lakini kama unalipa pesa hiyo kwa ajili ya matumbawe, mimi siwezi kukushauri hivyo.

Haya, Maldives. Wengi wanaogopa jina. Ukweli ni kwamba tangu waruhusu gesti kwenye visiwa vya wananchi kama miaka kumi na tano ilopita, si lazima ukae ile hoteli ya vibanda juu ya maji. Waenda Dhigurah ama Maafushi, wasikia adhana, chakula ni halali, watu ni Waislamu, mtu wa Mombasa hajihisi mgeni. Lakini gawanya. Ndege kutoka Mombasa kwa kuunganisha, tuseme dola 900, gesti usiku sita 420, chakula 150, boti kwenda na kurudi 100, mbizi kumi kama 650, kodi ya kijani wanayotoza kila usiku juu yake. Yafika kama dola 2,250, kwa rate ya shilingi 129 kwa dola ni laki mbili na tisini elfu. Kila mtungi 29,000. Mara tatu ya Shimoni.

Sasa ile safari ghali niliyosema yashuka ukiigawanya. Kuna boti za kulala humo humo, wiki nzima mwaishi baharini na mbizi ni tatu kwa siku, jumla yafika kama 17. Boti yenyewe dola 1,800, ndege 900, mengine 200, jumla 2,900, na mtu akisikia laki tatu na sabini na tano elfu ashika kichwa. Lakini mtungi mmoja ni kama 22,000, na chakula chote kimo humo, na boti yakufikisha kwenye miamba ambayo mtu wa gesti haifiki. Kwa hivyo kama ni lazima Maldives, weka akiba mwaka mzima uende na boti. Na mtu asikuuzie hoteli ya Baa, kundi moja la visiwa huko Maldives, kwa kukuonyesha video za samaki taa wakubwa wa ghuba ya Hanifaru, pale mtungi hauruhusiwi, ni snorkeli tu.

Mahali pa kupunguza bei pako pengi, lakini si kwenye vifaa. Kabla hujaingia, fungua valvu kidogo unuse hewa, ikinuka mafuta ama moshi usiitumie, maana kompresa imevuta moshi wa injini na chini kule sumu ile yaongezeka nguvu na mgandamizo. Halafu weka regulata, kile cha kupumulia, mdomoni uvute pumzi nzito mara kadhaa ukitazama sindano ya geji, ikitulia ni sawa, ikicheza kushuka na kupanda kila ukivuta basi valvu haijafunguka vizuri. Dakika moja tu. Na bima ya wazamiaji kama ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ilipe, bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi mbizi ama ina kikomo cha kina, someni masharti.

Kama huna cheti bado, kozi ya Open Water hapa pwani nilikoulizia ni kati ya dola 400 na 550, ifanyeni huku huku, msiende kupoteza siku za likizo ya Pemba mkisoma vitabu. Mimi wikendi ya maji mafu ya Novemba niko Shimoni inshallah, anayekuja aniambie mapema, boti yachukua watu wachache na nafasi huisha.